Mikarafuu ya Kijiji Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Guangzhou nilikabidhiwa boksi la penseli za rangi, rula ya kupimia ramani na kiti kisicho na mgongo. Kompyuta zilikuwepo, tena za kisasa, lakini rasimu ya kila ramani tuliipaka kwanza kwa mkono. Penseli zote zilikuwa ndefu isipokuwa ya kijivu, iliyobaki fupi kama kidole gumba. Nikamuuliza Mkuu wa Chumba cha Ramani kwa nini hiyo imekwisha hivyo.

Mkuu huyo alikuwa mzee mkimya. Tulimwita Ou Gong, kwani pale mtu wa vipimo na uhandisi huitwa Gong kwa heshima, kama sisi tunavyosema Fundi au Mwalimu. Alinitazama juu ya miwani, akanijibu Kichina cha polepole, maana alikuwa hajaamini kwamba mwanamke wa Kiafrika aliyejitanda mtandio anakielewa.

"Njano ni nyumba za kuishi. Nyekundu ni maduka. Kijani ni mashamba yenye hati. Kijivu ni kongdi, ardhi tupu."

"Na mbona hiyo tupu ndiyo inayokwisha?"

"Wateja wanaipenda," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia leo katika upimaji na uthamini. Watakuja watu kuwaambia kwamba Bi Salma alifukuzwa kazi China kwa ukaidi. Ni kweli. Nilikuwa mkaidi, na leo kama ningerudishwa pale ningekuwa mkaidi zaidi. Lakini kaeni nisimulie kuanzia mwanzo, kwa sababu mkaidi naye ana lake.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Mama yangu alikuwa mchuma karafuu, na nimelelewa juu ya jamvi nikichambua makonyo, yaani kutenga punje na vikonyo vyake, kabla sijajua kusoma. Serikali ilinipeleka China kwa udhamini wa masomo nikiwa msichana. Nikajifunza lugha mwaka mmoja, kisha upimaji, nikarudi nyumbani kufanya kazi ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mume wangu Seif aliingia biashara. Alifungua kiofisi cha kusafirisha mizigo katika mtaa wa Dengfeng, anakusanya bidhaa za wafanyabiashara wetu, anazipakia kontena na kuzipeleka bandari ya Huangpu. Nikamfuata. Wenzangu walidhani nitakaa naye kufunga maboksi ya chupa za chai na vitenge. Nikavaa viatu vya kufunga kamba, nikaenda kuomba kazi katika kampuni ya uthamini, ghorofa ya kumi na tisa.

Wakati ule jiji lilikuwa linajengwa kwa pupa. Ukienda kazini Jumatatu kwa njia moja, Ijumaa njia ile imezibwa na msingi wa jengo. Waliokuwa wanajua kupima na kuandika Kiingereza walitafutwa, na mimi nilijua vyote viwili. Wakanichukua kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kibali changu cha ukaazi kilifungamana na mkataba huo, jambo ambalo halikuniuma mpaka siku lilipotumika kunifinya.

Kwa asiyejua, mthamini hujibu maswali mawili. Ardhi hii inafaa nini leo, na itafaa nini kesho? La kwanza hujibiwa kwa miguu, unakwenda ukaione. La pili hujibiwa mezani, na uongo hupenda kukaa kwenye viti vya mezani. Jibu la pili tuliliandika katika kitabu chembamba tulichokiita ripoti ya matarajio. Ndani yake mna ramani, maelezo ya barabara, maji, watu, na mwisho ukurasa wa saini. Sheria ya kampuni ilisema saini iwe ya mtu aliyefika kwenye eneo kwa miguu yake. Mwingine hata awe mkubwa vipi hawezi kumsainia. Sheria hiyo muikumbuke, itarudi mbele.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kupima vijiji vilivyomezwa na jiji. Vilikuwa bado vinaitwa vijiji, vina hekalu lao la ukoo na bwawa lao, lakini mashamba yalikuwa yameshageuka barabara. Nyumba zilijengwa karibu mno hivi kwamba mtu akipungukiwa chumvi anaomba dirishani na anapewa dirishani. Mkuu wangu huko alikuwa Meneja Liang, ambaye wafanyakazi walimwita Jingli, yaani Meneja kwa Kichina. Alikuwa mtu nadhifu, mcheshi, mwenye kumbukumbu ya kila kipande cha ardhi alichowahi kukanyaga. Sitaki mumfikirie shetani. Alinifundisha mengi.

"Sha Gong," aliniambia wiki ya kwanza, na hilo ndilo jina walilonipa, "ukisikia kijiji kitapimwa Alhamisi, nenda Jumanne. Ukienda Alhamisi utakuta msitu."

Nikadhani anatania. Tulikwenda Alhamisi, na kweli tukakuta uwanja mzima umepandwa miche ya lichi, matunda ya kwao kama shokishoki, mmoja unagusa mwingine, kwa sababu fidia ilihesabiwa pamoja na miti. Mingine ilikuwa bado na mfuko wa nailoni wa kitalu kwenye mizizi. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia akatuapia kuwa imepandwa na marehemu babu yake. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jingli akachukua penseli ya kijivu, akafuta msitu wote.

"Mti ni mzushi," akasema. "Huota ukisikia kipimo."

Nami nikasaini. Miaka ile nilipaka kijivu kingi, sitawaficha. Mahali pengine kilistahili. Mahali pengine sikuuliza sana, maana mshahara ulikuwa mzuri na nilipenda kuitwa Sha Gong.

Kisha kampuni ikafungua Idara ya Nje, Jingli akapewa uongozi wake, nami akanichukua kwa ajili ya Kiingereza changu. Wenye fedha walikuwa wameanza kutazama ng'ambo. Mmoja wao, mwekezaji ambaye sikuwahi kumwona zaidi ya mara mbili, alitaka kijiji kidogo katika kisiwa cha mashariki ya Indonesia. Alikusudia hoteli, nyumba za kifahari za kuuza, na gati la boti. Jina la kijiji sitalitaja, wasije wakakifuata tena. Ofisini kilikuwa Namba Saba.

Picha za setilaiti za Namba Saba zilibandikwa ukutani. Kulikuwa na nyumba sabini hivi kando ya bahari, kisha kijani kizito mpaka juu ya kilima. Kwa kuwa kijani kile hakikuwa na hati, rasimu ilikwishapakwa kijivu kabla sijanunua tiketi.

"Nenda ukathibitishe," Jingli aliniambia. "Siku kumi na mbili. Hesabu nyumba, pima kina cha ghuba, piga picha ya machweo. Mwekezaji anapenda machweo."

Seif aliponisindikiza alinitania, "Kisiwa unatoka, kisiwa unakwenda. Wachina wamelipa nauli ya bure."

Hakujua alivyopatia. Nilishuka kwenye boti, nikavuka mchanga, na kabla sijaona nyumba ya kwanza pua yangu ikaniambia nimefika Wete. Majamvi yalikuwa yametandazwa kando ya njia, yamejaa karafuu zinakauka, na wanawake wamekaa wanachambua makonyo. Kijani kile kizito cha ukutani kilikuwa mikarafuu. Nilisimama pale nikalia, mtu mzima na begi la vipimo mgongoni. Mwanamke mmoja mzee akainuka, akaniuliza kitu nisichokielewa, nikamwonyesha punje mkononi na kujipiga kifua. Akanikalisha kwenye jamvi, akanisogezea fungu. Vidole vyangu havikuwa vimesahau. Jina lake Ibu Hawa, na Ibu kwao ni kama Bi kwetu.

Mwalimu wa skuli ya pale alijua Kiingereza, akawa mkalimani wangu. Mkuu wa kijiji, ambaye wao humwita raja ingawa nyumba yake haikuzidi za wengine, akanipa ruhusa ya kupanda kilimani na mtu wake wa kunionyesha njia. Nikaanza kazi kama nilivyofundishwa. Mti ukishahesabiwa unafungwa utepe mwekundu, usije ukahesabiwa mara mbili. Nikapima na mzingo, yaani unene wa shina kwa futi ya kamba kwenye usawa wa kifua, kwa sababu mzingo ndio unaosema umri. Mche wa kitalu hauwezi kudanganya mzingo. Ile ilikuwa mikarafuu ya watu watatu kupokezana, bibi, mama na mtoto. Kwa siku mbili nikafunga tepe mia nne na zaidi, nikajisifu kwa kasi yangu.

Siku ya tatu hakuna aliyepanda kuchuma. Ngazi zimelala chini, ngoe za kuvutia matawi zimeegemezwa ukutani, na watu wamekaa vibarazani katikati ya msimu. Nikadhani kuna msiba. Nikamfuata Ibu Hawa, akanigeuzia mgongo. Ilibidi mwalimu anieleze.

Kwao kuna mwiko uitwao sasi. Mkuu wa kijiji akitaka mti upumzike, hutuma mtu akafunge kitu kwenye shina, kuti changa au kitambaa, na tangu hapo hakuna mkono unaogusa mti huo mpaka ufunguliwe kwa dua. Mimi nilipita na mtu wa raja, nikifunga kitambaa chekundu kila shina. Kijiji kizima kikaelewa kuwa karafuu zimefungwa. Hawakuuliza kwa sababu sasi haiulizwi. Hata yule mtu wa raja alidhani ndiyo amri ya mkuu wake, na raja mwenyewe alikuwa amekwenda kisiwa cha pili, na karafuu haimngoji mtu arudi safari. Punje ikishaanza wekundu ina siku chache tu, kisha inafunguka ua, na ua halina bei.

Ibu Hawa akanigeukia mwishowe. Mwalimu alitafsiri huku anatazama chini.

"Umekaa kwenye jamvi langu. Umesema mama yako mchuma karafuu. Huoni mti umekwiva?"

Aibu niliyoipata siku ile sijapata kuipata tena. Mtoto wa Pemba, nimefunga karafuu za watu msimu umeiva, kwa sababu ya kufuata kitabu cha upimaji. Nikasema nitafungua tepe zote sasa hivi. Wakasema haiwezekani hivyo. Sasi hufunguliwa baada ya dua, na kila mti lazima mwenyewe awepo asimame kando yake, aseme ni wake, ndipo kifungo kitolewe.

"Mwenyewe nani?" nikauliza. "Si ardhi ni ya ukoo?"

"Ardhi ni ya ukoo," mwalimu akasema. "Mti ni wa aliyeupanda na watoto wake."

Nikacheka katikati ya aibu yangu. Yale yale ya kwetu! Pemba nako ardhi ni ya mwingine na mikarafuu iliyo juu yake ni ya mwingine. Mtu hurithi miti mitatu katika shamba la jirani na hakuna anayeona ajabu. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utotoni, na nimeliacha Wete nilipopanda ndege.

Imamu akasoma dua msikitini. Tukapanda kilimani, na kwa siku nne nzima nikafungua tepe kwa mkono wangu, mmoja mmoja. Kila shina alisimama mtu. Mjane, mvuvi, binti wa skuli aliyeachiwa mti na babu, mzee aliyebebwa kwenye kiti. Kila mmoja akasema jina lake na jina la aliyeupanda, nami nikaandika daftarini kando ya namba na mzingo. Mti wa mwisho wa Ibu Hawa ulikuwa kwenye ardhi ya ukoo mwingine kabisa. Aliupanda siku alipozaliwa binti yake wa kwanza, na huyo binti alikuwa ameshafariki.

"Andika jina lake," akaniambia. "Si langu. Lake."

Nikaandika. Kosa langu lilikuwa limezaa kitu ambacho hakuna mpimaji aliyewahi kukipata pale, nacho ni orodha ya wenye miti, iliyosemwa mbele ya majirani na dua. Miti mia nne na kumi na sita, na watu zaidi ya tisini. Karafuu za upande wa jua zilikuwa zimeshafunguka, hasara hiyo naibeba mimi. Zilizobaki walizichuma, na siku mbili za mwisho nilichuma nao. Picha ya machweo sikupiga.

Nikarudi Guangzhou. Jumatatu nikaweka ramani mpya mezani kwa Jingli. Ilikuwa ya kijani kutoka barabarani mpaka kileleni, kila mti nukta, kila nukta namba, na nyuma yake karatasi tano za majina. Aliisoma kwa makini, sitamnyima haki yake. Kisha akaivua miwani.

"Toa miti."

"Haitoki, Jingli. Ni ya watu."

"Sha Gong, tumefanya kazi pamoja miaka mingapi? Umesahau lichi za nailoni? Wamesikia kipimo, wamepanda."

"Tazama safu ya mzingo. Mti wa unene huo umepandwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa."

Akaitazama safu. Akapita na kidole mpaka kwa yule binti marehemu. "Huyu hapa ana mti juu ya ardhi isiyo yake. Mtu hawezi kumiliki mti juu ya ardhi ya mwenzake."

"Kwao anaweza. Na kwetu anaweza."

"Kwa mwekezaji hawezi! Anataka kuzungumza na mtu mmoja, raja, karatasi moja, saini moja. Unataka nimpe watu tisini? Kongdi, Sha Gong. Andika kongdi. Kijiji kitapata umeme, kitapata barabara, watoto watapata kazi hotelini. Unawanyima maendeleo kwa ajili ya nukta."

Hilo la maendeleo lilinigusa, kwa sababu halikuwa uongo wote. Umeme waliutaka. Mwalimu mwenyewe aliniambia anasahihisha madaftari kwa taa ya mafuta. Lakini mwenye kutaka umeme hajasema mtoeni jina langu. Nikamjibu hivyo, naye akapiga meza kwa kiganja.

"Bu xing!" Haiwezekani. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Ripoti inatiwa saini Ijumaa. Fikiria na kibali chako. Fikiria na biashara ya mumeo."

Hapo ndipo nilipoelewa bei yangu, maana kwa sheria ile ya saini hapakuwa na mwingine wa kusaini ila mimi niliyefika. Upande mmoja miti ya watu zaidi ya tisini, ambayo ikipakwa kijivu hakuna tena wa kuuliza ilikuwa ya nani. Upande wa pili kazi yangu, kibali changu, na kiofisi cha Seif, ambacho siku hizo kilikuwa kimeandikishwa chini ya kibali changu. Nilirudi Dengfeng kwa miguu. Mtaa umejaa kama kawaida, wabadilisha fedha wanaita, mikokoteni ya maboksi inapita. Nikamkuta Seif anagombana na mwenye kiwanda juu ya mzigo wa feni.

"Laoban, hii si ile sampuli! Mei you, mei you, hakuna, hakuna kila siku, wewe huna neno jingine?" Akaniona, akaacha. "We Salma, una nini? Umekuwa rangi ya majivu."

Nikamwambia. Akakaa juu ya boksi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema taratibu.

"Nimelisikia vizuri, Seif. Sikulikubali."

"Na tukirudishwa nyumbani?"

"Tutarudi na miguu yetu yote minne."

Kisha akaniuliza, "Huyo bibi wa binti marehemu, mti wake mkubwa?"

"Sikuweza kuukumbatia."

"Haya basi," akasema, akanyanyuka kurudia ugomvi wake wa feni. Watu huniuliza nilipata wapi nguvu. Niliipata juu ya boksi lile, kwa mwanamume aliyekuwa na cha kupoteza zaidi kuliko mimi.

Jumatano nikaenda Chumba cha Ramani. Ou Gong alikuwa ameletewa amri ya kupaka upya. Penseli ya kijivu ilikuwa mkononi, mpya, imechongwa. Sikumwomba kitu, alikuwa amebakisha miaka miwili kustaafu na ana mke mgonjwa. Aliniuliza bila kunitazama, "Ramani yako umeiingiza kwenye rejesta?"

Rejesta ya michoro ni kitabu kikubwa kinachokaa kwenye chumba cha ramani cha kila kampuni inayojiheshimu. Mchoro ukishaandikwa humo na kupewa namba hauondolewi hivi hivi. Anayeuondoa lazima aandike sababu kwenye safu ya mwisho, kwa mkono wake, na atie saini. Kwa kawaida tuliandika humo kazi ikishapita kwa meneja. Kawaida tu, haikuwa sheria.

"Sijaiingiza," nikasema.

"Mimi nakwenda kunywa chai," akasema mzee yule. Akaweka penseli mezani, akatoka, na ufunguo wa kabati akauacha mlangoni.

Nikafungua kitabu, nikaandika kwa hati nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Namba Saba. Shamba la mikarafuu, miti mia nne na kumi na sita, wenyewe wametajwa. Nikatia saini.

Ijumaa asubuhi Jingli akaniita. Rejesta ilikuwa wazi mbele yake na kalamu pembeni. Uso umemwiva.

"Umeniingiza mtegoni."

"Nimeingiza ramani kwenye rejesta, Jingli. Ukitaka kuifuta, safu ile pale. Andika sababu."

"Nitaandika makosa ya kipimo."

"Kipimo gani? Taja mti. Nitakupeleka ukaupime mwenyewe."

"Nitaandika miti haipo."

"Andika."

Alishika kalamu. Akaisogeza kwenye karatasi, na mimi nilisimama pale bila kupepesa. Aliniuliza ghafla, kwa sauti nyingine, ile miti ina kimo gani. Nikamwambia. Akasema kijijini kwao, ambako sasa kuna kituo cha mabasi, babu yake alikuwa na lichi mbili za kimo hicho. Akafunga kalamu.

"Unajua kitakachofuata, Sha Gong."

"Najua."

Ripoti ilitoka na ramani ya kijani na saini yangu. Mwekezaji aliisoma, akaona watu zaidi ya tisini wa kuzungumza nao, akasema Namba Saba haina matarajio. Hilo neno waliliandika juu ya faili kwa wino mwekundu. Mkataba wangu haukuongezwa. Hakuna aliyeniaga rasmi, isipokuwa Ou Gong aliyenipa kipande cha penseli ya kijivu kimefungwa kwenye karatasi, akainamisha kichwa. Kibali kikaisha, tukafunga kiofisi cha Dengfeng, kontena letu la mwisho tukalipakia wenyewe Huangpu, na mwezi huohuo tulikuwa Wete.

Msidhani nawaletea kisa cha ushindi mtupu. Mwekezaji alihamia ghuba nyingine, na huko sijui alikwenda mpimaji gani na penseli gani. Namba Saba nao waliendelea kungoja umeme. Wapo walionilaumu hapa hapa nyumbani, wakasema nimewakatia watu riziki, na msemo wao ni ule ule, penye miti hapana wajenzi, wajenzi wakija mnawafukuza. Nawajibu kwamba mjenzi aje, mlango u wazi, lakini abishe hodi kwa kila mwenye mti. Akiona wingi wa hodi unamchosha, basi hakuja kujenga.

Nimestaafu sasa. Macho yamechoka, futi ya kamba naitumia kupimia mapazia. Seif ananitania kwamba ni mimi pekee duniani niliyeuza ghorofa ya kumi na tisa kwa mikarafuu ya watu nisiowajua, na mimi humwambia sikuuza, niliiacha.

Mwezi uliopita amekuja hapa kijana mpimaji, mstaarabu, ametumwa na kampuni inayotafuta eneo la hoteli upande wetu wa pwani. Akanionyesha ramani kwenye kioo cha simu yake. Nikaivuta karibu. Nyumba yetu ilikuwa njano. Nyuma yake, shamba lote la mama na majirani, kijivu.

"Bibi, hapa nyuma pameonekana ni eneo wazi," akasema. "Nahitaji saini yako tu kama jirani."

"Umefika nyuma?"

"Setilaiti imefika, bibi."

Nikainuka, nikaenda kabatini, nikatoa bunda la utepe mwekundu lililobaki. Nikampigia kelele Seif awaite wenye miti wote, na wasipokuwepo waje watoto wao. Kijana akaniambia ana boti ya saa saba. Nikamwambia boti zipo na kesho, nikamshika mkono tukapanda. Hapakuwa na haja ya kufunga kitu, watu walikuja wenyewe wakasimama kila mtu kwenye shina lake.

"Huu wa Bi Time. Andika. Huu wa marehemu mama yangu, andika jina lake, si langu. Ule wa ng'ambo ya mto ni wa Hamadi, ardhi si yake, mti ni wake, andika."

Jua likapinda, boti ikaondoka, naye bado anaandika. Kalamu yake ilipokwisha wino, nikampa yangu.